Vidole Saba vya Seremala

Siku moja baada ya kipindi chao cha kwanza kurushwa, fundi cherehani aliingia kwenye studio ya picha akiwa na mtoto mgongoni na chupa ya dawa mkononi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kutoa pongezi. Hakubisha hodi. Kati ya viziwi, hodi ni kuchosha mkono bure. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza, akaiweka chupa mbele ya mwenye studio, akauliza kwa mikono yake miwili:

"Seremala ana vidole vingapi?"

Mwenye studio alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka sita baada ya homa kali. Wenzake walimpa jina la alama la kufumba jicho moja, kama mtu anayepiga picha, na wanaosikia wakalitafsiri kwa mdomo: Jicho. Alikuwa akijipatia riziki kwa picha za pasipoti, za vitambulisho na za maharusi. Wiki ile kichwa kilikuwa juu, maana baada ya miaka miwili ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi, kituo cha televisheni cha jimbo kilikubali kurusha kipindi cha dakika kumi kwa lugha ya alama, kila wiki, saa moja jioni. Mrekodi na mhariri ni Jicho. Msimulizi ni seremala wa milango na vitanda, kiziwi tangu kuzaliwa, mtu ambaye mikono yake ilisemwa kuwa hata kipofu angeielewa.

"Ana vidole kumi kama wewe," Jicho akajibu. "Kwa nini?"

Fundi cherehani akaelekeza kwenye karatasi iliyogandishwa kwenye chupa. Mtu wa duka la dawa alikuwa ameandika kwa kalamu: 1x3. Na kipindi cha kwanza kilihusu jambo hilo hilo, namna ya kusoma maandishi hayo ambayo wauza dawa huyaandika haraka haraka, wakidhani kila mtu atasikia maelezo yao ya mdomo.

"Jana nimekaa mbele ya televisheni nikisubiri seremala aniambie," fundi cherehani akasema. "Alipofika kwenye idadi, nikaona vidole vitatu, halafu vitano, halafu sijui vingapi. Mume wangu anasema ni mara tano kwa siku. Mimi nikasema mtoto hapewi kitu mpaka nimuone Jicho."

Jicho aliisoma tena ile karatasi. Akafungua kompyuta, akaionesha kazi yake. Seremala akatokea akiwa na shati lake la bluu, akasema wazi kabisa: kijiko kimoja, mara tatu kwa siku. Vidole vitatu, vinaonekana mpaka kucha. Fundi cherehani akashusha pumzi, akampa mtoto kijiko pale pale. Kisha akasema, "Hiki sicho nilichokiona jana."

Jana yake Jicho alikuwa kituoni. Walimkaribisha ukumbi wa wageni, meneja wa vipindi akampa mkono, watu wakapiga picha. Televisheni yenyewe ilikuwa imetundikwa juu karibu na dari, ndogo kama trei, na yeye alikuwa anatabasamu kwa huyu na kumshukuru yule. Kusema kweli, hakuwa ameangalia. Lakini siku hii, saa tisa alasiri, kulikuwa na marudio. Akafunga mlango wa studio, akaibeba kamera, akapiga magoti mbele ya televisheni yake kama mtu anayesubiri panya atoke kwenye tundu.

Kipindi kilipoanza, aliona. Seremala akikaa kimya alikuwa sawa. Akianza kusema tu, mikono ilizaa mikono. Kila kidole kilifuatwa na kivuli chake, kidole kingine chembamba cha rangi ya maji, na alama mbili zilizofuatana zikalaliana kama nguo zilizotupwa kitandani. Jicho akabonyeza kamera mfululizo. Baadaye alipozipitia zile picha, moja ilimfanya akae chini. Mkono wa kulia wa seremala ulikuwa na vidole saba.

Aliichapisha kwenye karatasi kubwa, ile ya picha za ukutani. Asubuhi akaenda kwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mwenye ulimi usio na breki, aliyeanza kujifunza lugha ya alama wiki ile ile mpwa wake alipotoka hospitali, na tangu siku hiyo alikuwa masikio yake kila penye ofisi. Alipoiona picha alipiga makofi ya mshangao.

"Mimi nimepokea watoto elfu na zaidi, mwanangu. Wa hivi sijawahi kumpokea."

"Vaa viatu, shangazi. Tunaenda."

Meneja wa vipindi aliwapokea kwa bashasha. Alikuwa kijana wa suti ya kubana, anayeongea huku akisoma simu. Hata kabla hawajakaa, alisukuma fomu mezani. Mamlaka ya utangazaji ilitaka kila kituo kioneshe kwamba kinawahudumia viziwi, la sivyo leseni yake haihuishwi, na ushahidi ulitakiwa kufika Ijumaa. Fomu ilisema kwamba kipindi kimerushwa kikamilifu kama kilivyotengenezwa. Ilibaki sahihi ya mtengenezaji tu.

Jicho akaiweka ile picha juu ya fomu.

Meneja akaitazama, akacheka kidogo. "Aa, hiyo. Ni mambo ya kitaalamu tu, dada. Kamera yako ni ya nje, haiendani na viwango vya ukanda wetu huku. Mitambo imejitahidi kuigeuza. Watazamaji wengi hata hawakugundua."

Shangazi akatafsiri. Jicho akajibu, mikono yake mifupi na mikali, na shangazi akageuka kwa meneja na kusema kwa upole, "Anasema watazamaji wengi wanasikia, kwa hiyo labda hawakuangalia vizuri."

Jicho alikuwa akimwangalia meneja usoni. Yule kijana bado alikuwa anatabasamu. Jicho akamgusa shangazi bega.

"Umesema nilivyosema?"

Shangazi akajikuna shingo. "Nimepunguza makali kidogo."

"Yarudishe."

Shangazi akavuta pumzi, akakaa wima. "Samahani, mwanangu, nilikosea kutafsiri. Amesema hivi: watazamaji wako wengi wanasikia, na hao hamkuwatengenezea kipindi hiki. Amesema kama sauti ya msoma habari ingetoka kama ya mtu anayezama majini, mngezima mitambo ndani ya dakika moja. Sasa mmewazamisha viziwi dakika kumi nzima, halafu unacheka. Na amesema kuna mama alikaribia kumpa mwanawe dawa karibu mara mbili ya kipimo. Sahihi haweki."

Tabasamu likaondoka. "Bila sahihi hakuna kipindi," meneja akasema. "Nitamweka msomaji wa kawaida na maandishi chini ya skrini. Hilo nalo linahesabika."

"Mama mwenyewe aliyekuja kwangu hajui kusoma sentensi tatu," Jicho akajibu. "Nataka kumuona aliyekigeuza kipindi."

"Yuko kazini. Hana nafasi."

"Basi tutamsubiri."

Wakatoka, wakakaa ukumbi wa wageni, chini ya ile televisheni ndogo. Jicho akaandika ujumbe kwenye simu, akaubandika kwenye kundi la viziwi pamoja na picha ya vidole saba. Kufikia saa sita mchana walikuwa watu kumi na wanne. Seremala alifika na maranda ya mbao kichwani, amekasirika kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani, akimwonesha kila mtu mkono wake wa kulia ili auhesabu. Fundi cherehani alifika na mtoto, ambaye homa ilikuwa imeanza kushuka. Ukumbi ukajaa mikono inayogombana, inayocheka, inayolaani. Mlinzi alikuja mara mbili. Mara ya kwanza aliwaomba wapunguze kelele, kisha akabaki amesimama, akijisikia mjinga, maana hapakuwa na hata sauti ya mtu kukohoa. Mara ya pili alileta viti.

Aliyetoka mwishowe alikuwa mzee mfupi mwenye miwani kifuani, fundi mkuu wa mitambo, ambaye kituo kizima kilimwita Mzee Waya. Alikuwa anakwenda kunywa chai. Kikombe mkononi, akapita mbele ya ile picha iliyokuwa imesimamishwa kwenye kiti, akaenda hatua tatu, akarudi.

"Nani kapiga hii?"

Jicho akainua mkono.

Mzee Waya akavaa miwani. "Umeipiga kwenye skrini, kamera mkononi tu, na haijatikisika," akasema, zaidi kwa nafsi yake. Akakiweka kikombe juu ya kaunta. "Njooni. Wawili watatu tu, chumba ni kidogo."

Wakaingia Jicho, shangazi na seremala. Chumba kilikuwa baridi, kimejaa skrini na taa ndogo za kijani. Mzee Waya akakifungua kipindi, akakisogeza picha moja moja, akaanza kueleza kwa utaratibu, akimpa shangazi muda wa kutafsiri.

"Video ni picha za kawaida zinazofuatana haraka. Kila moja tunaiita fremu. Kamera yako inapiga fremu thelathini kwa sekunde moja. Sisi huku tunarusha ishirini na tano."

"Kwa nini msifanane?" shangazi akauliza, kwa niaba yake mwenyewe.

"Umeme, mama. Walioanzisha televisheni zamani waliifunga na umeme wa kwao. Kuna nchi umeme wake unapiga mara sitini kwa sekunde, wao wakachukua thelathini. Wetu unapiga hamsini, tukachukua ishirini na tano. Mitambo ya siku hizi haihitaji tena kufungwa na umeme, lakini dunia ilishagawana." Akamgeukia Jicho. "Ukirekodi ndani kwenye taa ndefu za mirija, huoni mistari ya giza inapanda ukutani?"

Jicho alitikisa kichwa kwa nguvu kukubali. Miaka mitatu alikuwa akipigana na mistari hiyo. Alishabadilisha taa, akalaumu nyaya za mwenye nyumba, mwisho akaanza kurekodi karibu na dirisha, mchana tu.

"Ni kitu kimoja," Mzee Waya akasema. "Taa inapepesa kwa mwendo wa umeme wetu, kamera yako inafumbua jicho kwa mwendo wa umeme wa kwingine. Hawakutani. Sasa, kipindi chako kilipofika hapa kilikuwa na fremu tano za ziada kila sekunde. Ni lazima ziende mahali. Mtambo ulikuwa umewekwa kwenye kuchanganya, yaani unachukua fremu mbili unazilaza pamoja. Mtu akiwa amekaa anasoma habari, huoni kitu. Lakini mikono inayokimbia..."

"Inazaa," Jicho akasema.

"Inazaa. Naweza kuzitupa hizo tano badala ya kuzichanganya." Akabonyeza vitu, akarudisha kipindi mwanzo. Vivuli vilikwisha. Lakini sasa kila mara mkono ulikuwa kifuani na ghafla uko mdomoni, bila kupita njiani.

Seremala akajitazama kwa uchungu. "Naongea kama mtu mwenye kwikwi," akasema, na shangazi alipotafsiri, Mzee Waya alicheka, kisha akaona kwamba seremala hafanyi mzaha.

"Lete kamera," akamwambia Jicho, naye akaitoa mkobani.

Kamera hiyo aliinunua binamu yake aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, akaituma na mtu. Jicho aliijua kama mkono wake, ila kurasa za mwisho za menyu, zilizojaa vifupisho visivyoeleweka, hakuwahi kuzigusa. Mzee Waya alishuka taratibu hadi ukurasa wa mwisho. Mfumo wa video. Palikuwa na machaguo mawili. Akalibadilisha la kwanza kuwa la pili. Kamera ikatoa onyo kwamba kadi iliyomo haitafanya kazi mpaka isafishwe upya, na pale palipokuwa pameandikwa thelathini pakawa pameandikwa ishirini na tano.

Jicho akaisogeza kamera karibu, akasoma tena. Miaka mitatu! Maharusi wangapi aliwaburuza dirishani?

"Ilikuwa inaweza siku zote," akasema.

"Siku zote. Siyo kila kamera ina chaguo hilo. Yako inalo."

Akaizima kamera. Kisha akauinua uso, akamwangalia mzee machoni, na mikono yake ikawa ya polepole, ya mtu asiyetaka neno lipotee.

"Kosa la kamera ni langu, nalikubali. Lakini kabla ya kurusha, wewe ulikitazama?"

Shangazi akatafsiri bila kupunguza hata tone. Mzee Waya alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Nilikitazama."

"Ukaona?"

"Niliona vivuli. Nikajiambia ni dakika kumi tu, nani atakaa kuhesabu vidole."

Seremala, ambaye alikuwa amesoma midomo vya kutosha, aliuinua mkono wake wa kulia, akaushikilia mbele ya uso wa mzee, vidole vitano vyenye makovu ya randa na msumeno. Hakukuwa na haja ya mkalimani. Mzee Waya akainamisha kichwa.

"Rekodini upya," akasema. "Nileteeni mkononi mwangu. Kitatoka kama kilivyoingia."

Walirekodi Jumatano. Seremala alilalamika kwamba amemwacha mteja na mlango usio na bawaba, lakini alikuwa amenyoa, na shati la bluu lilikuwa limepigwa pasi. Jicho akafunga pazia la dirisha. Akawasha taa zote ndefu za studio, akatazama ukuta kupitia kamera. Ukuta ulitulia, mweupe, bila mstari hata mmoja. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka seremala akamrushia kitambaa kumkumbusha kwamba watu wanasubiri. Mwanzoni mwa kipindi waliongeza dakika moja: seremala akaeleza kwamba cha kwanza kilirushwa kikiwa kimeharibika, na kwamba yeyote aliyefuata idadi aliyoiona aisahau, afuate hii.

Meneja wa vipindi alikipokea Alhamisi asubuhi, akaangalia dakika ile ya mwanzo na uso ukambadilika.

"Hii ya kusema tumeharibu itatoka."

"Haitoki," Jicho akasema kupitia kwa shangazi.

"Sawa. Basi tutakirusha saa kumi na moja alfajiri. Saa moja jioni ya leo nimeshampa mtangazaji wa sabuni."

"Kosa lilirushwa saa moja jioni. Sahihisho nalo litakwenda saa moja jioni. Wanaokosea wakati watu wako macho wasisahihishe wakati watu wamelala."

"Dada, nakusaidia. Hivi vituo vingine vingekupa hata hiyo alfajiri?"

Jicho akaitoa fomu kwenye mkoba. Alikuwa ameichukua siku ile bila mtu kugundua. Akaikunjua, akailaza mezani, sehemu ya sahihi ikiwa tupu, akaweka kalamu juu yake, akakunja mikono kifuani. Kwa mtu wa lugha ya alama, kukunja mikono ni kufunga mdomo.

Meneja aliitazama fomu. Akaitazama kalenda ya ukutani. Kesho ilikuwa Ijumaa.

"Unanitishia?" akauliza.

Shangazi hakupata hata nafasi ya kutafsiri. Jicho alikuwa ameusoma mdomo wake, na alitikisa kichwa mara moja, polepole, juu na chini. Ndiyo.

"Mwanangu," shangazi akaongeza kwa sauti ya kikunga, "mimi ningekuwa wewe ningempigia simu huyo wa sabuni sasa hivi, kabla hajaanza kuoga."

Jioni hiyo studio ilijaa. Wengine walikaa sakafuni, wengine kwenye kile kiti cha kuzunguka cha picha za pasipoti. Saa moja kamili seremala akatokea, akasema maneno yake ya mwanzo, na mle ndani hakuna aliyepepesa. Mikono ilikwenda na kurudi ikiwa miwili tu. Alipofika kwenye kijiko kimoja, mara tatu kwa siku, vidole vitatu vilisimama mbele ya shati la bluu, na fundi cherehani akavihesabu kwa kidole chake hewani, akamgeukia mumewe, akampa jicho ambalo mume yule hatalisahau upesi.

Jicho aliweka sahihi asubuhi yake. Chini ya maneno yaliyochapwa, kwamba kipindi kimerushwa kama kilivyotengenezwa, aliongeza kwa kalamu: "mara ya pili." Meneja alitaka kuyafuta. Mzee Waya, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akasema kwamba ni kweli tupu na mamlaka wanapenda ukweli. Maneno yakabaki.

Lakini hayo yalikuwa ya Ijumaa. Alhamisi ile jioni, kipindi kilipokwisha, Jicho alisubiri watu wampongeze. Badala yake fundi cherehani alisimama katikati ya chumba akasema seremala amekosea alama ya kijiko. Ile aliyotumia ni ya wazee wa shule ya zamani, vijana hawaijui. Seremala akaruka juu: alama hiyo ameikuta na ataiacha. Mwingine akasema zote mbili si sahihi. Ndani ya dakika mbili watu kumi na wanne walikuwa wamesimama, kila mmoja na kijiko chake, na shangazi pembeni anauliza ni nani amemtukana nani.

Jicho aliwatazama, moyo umemjaa. Wiki ile yote wamegombana kuhusu fremu na umeme, sasa wanagombana kuhusu alichosema mtu. Akazima taa na kuziwasha mara mbili ili wamwangalie.

"Atakayebishana kuhusu kijiko," akasema, "aje Jumamosi saa nne, asimame mbele ya kamera, abishane huko. Na mume wa fundi cherehani aje naye aeleze hiyo mara tano aliitoa wapi."